Kura ya Kang'ata ina uzito gani? Handeni na Korogwe katika sanduku la urais

Na Mwandishi Wetu, Handeni

KILA baada ya miaka mitano, usiku wa siku ya kupiga kura, karatasi moja hubandikwa ukutani nje ya kituo cha kupigia kura. Ni fomu ya matokeo. Kwa wakazi wa kata ya Kang'ata wilayani Handeni, kama ilivyo kwa Watanzania wa kata nyingine zote, karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza na pengine wa mwisho kwamba sauti yao imehesabiwa katika kumpata Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Kutoka hapo idadi hiyo husafiri. Hupelekwa makao ya jimbo, ikajumlishwa na za kata nyingine, kisha hutumwa Tume ya Uchaguzi na kusomwa redioni jimbo baada ya jimbo. Kang'ata humezwa na jimbo la Handeni Vijijini, nalo jimbo humezwa na taifa. Ikifika siku ya kutangazwa mshindi hakuna anayeuliza Kang'ata ilisema nini.

Hata hivyo swali hilo lina umuhimu wake, kwa sababu Handeni na Korogwe ni miongoni mwa maeneo ambayo Chama Cha Mapinduzi (CCM) kimeyahesabu kuwa ya kwake tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe Julai 1992. Tangu uchaguzi wa kwanza wa mfumo huo mwaka 1995, viti vya ubunge vya wilaya hizi mbili havijawahi kutoka mikononi mwa chama hicho, na mgombea wake wa urais ameondoka Tanga na ushindi kila mara.

Kwa hiyo kinachopaswa kuchunguzwa si nani alishinda Handeni na Korogwe. Kinachopaswa kuchunguzwa ni uaminifu huo umewapatia nini wapigakura wake, na una thamani gani baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025.

Hesabu isiyo na mkoa

Tofauti na nchi nyingine, Tanzania haimpi mkoa wala wilaya uzito wowote wa pekee katika kumchagua rais. Nchi nzima ni jimbo moja. Kura ya Kang'ata ina uzito sawa na ya Kariakoo au ya Wete.

Marekani ni kinyume chake. Huko, mgombea hushinda jimbo kwanza, na jimbo ndilo linalompa kura za wajumbe wa uchaguzi. Mwaka 2000, Al Gore alipata kura zaidi ya nusu milioni kuliko George W. Bush kwa nchi nzima, lakini akaukosa urais kwa sababu jimbo la Florida lilikwenda kwa Bush kwa tofauti ya kura 537 tu. Kwa utaratibu huo, jimbo lenye ushindani hubembelezwa hadi siku ya mwisho, na jimbo ambalo mshindi wake anajulikana husahaulika.

Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Sharti hilo humlazimisha mgombea kutoka nje ya ngome yake.

Hapa nchini hakuna sharti la namna hiyo. Mwaka 1995 mshindi alitakiwa kuvuka nusu ya kura halali. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 yaliliondoa hata hilo, na tangu wakati huo anayepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote ndiye Rais, hata kama hazifiki nusu. Aidha, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Kwa mpigakura wa Handeni, maana ya utaratibu huu ni mbili. Ya kwanza ni njema: kura yake haipotei hata kama jirani zake wote wamechagua mwingine. Ya pili ni chungu: hakuna mgombea anayelazimika kumfuata, kwa sababu anaweza kushinda bila yeye.

Kutoka Mkapa hadi Kikwete

Itakumbukwa kwamba Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, ilikuta takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Pamoja na hayo, tume ilishauri vyama vingi virejeshwe, na Serikali ikakubali. Waliotaka mabadiliko walikuwa wachache na wengi wao walikuwa mijini. Vijiji vya bara la Tanga havikuwa miongoni mwa sehemu zilizopiga kelele za kuutaka mfumo huo mpya.

Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alichaguliwa kwa kura 4,026,422, sawa na asilimia 61.8. Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alipata asilimia 27.8, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF asilimia 6.4 na John Cheyo wa UDP asilimia 4. Wimbi la Mrema lilikuwa kubwa mkoani kwake Kilimanjaro, ambako alimshinda Mkapa. Lakini wimbi hilo lililopita Same na kushuka barabara kuu halikuung'oa mzizi wa CCM lilipofika Mombo na Korogwe.

Mwaka 2000 Mkapa aliongeza hadi asilimia 71.7. Lipumba alimpita Mrema na kushika nafasi ya pili kwa asilimia 16.3. CUF ilikuwa imeanza kuota mizizi katika miji ya pwani, Tanga Mjini ikiwamo. Hapo ndipo mgawanyiko wa kisiasa wa mkoa huu ulipoanza kuonekana: mji wa bandari ukielekea upande mmoja, na wilaya za bara zikibaki upande mwingine.

Uchaguzi wa mwaka 2005 uliopangwa Oktoba 30 uliahirishwa hadi Desemba 14 baada ya kufariki kwa Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Chadema. Jakaya Kikwete alipata kura 9,123,952, sawa na asilimia 80.3. Lipumba alipata asilimia 11.7 na Freeman Mbowe wa Chadema asilimia 5.9. Ulikuwa pia uchaguzi mkuu wa kwanza kutumia Daftari la Kudumu la Wapigakura.

Mwaka wa kimya

Ushindi wa mwaka 2005 uliwafanya wengi waamini kwamba nchi nzima imekuwa kama Handeni. Miaka mitano baadaye hesabu zilisema jambo jingine.

Oktoba 31, 2010 Kikwete alirudi madarakani kwa kura 5,276,827. Kwa asilimia zilikuwa 62.8, na Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alipata asilimia 27. Magazeti mengi yaliandika kuhusu kupanda kwa Chadema, na ilistahili. Lakini habari kubwa zaidi ilikuwa ya wasiokwenda kituoni.

Daftari lilikuwa na majina 16,401,694 mwaka 2005. Mwaka 2010 yalikuwa 20,137,303. Majina yaliongezeka kwa zaidi ya milioni 3.7, lakini kura za mshindi zilipungua kwa zaidi ya milioni 3.8. Waliojitokeza walikuwa asilimia 42.8 tu. Yaani katika kila Watanzania 100 walioandikishwa, 57 walibaki nyumbani.

Ukipima ushindi kwa idadi ya walioandikishwa badala ya kura zilizopigwa, picha hubadilika kabisa. Kati ya kila 100 waliokuwa katika daftari, Mkapa alichaguliwa na 45 mwaka 1995 na 58 mwaka 2000. Kikwete alichaguliwa na 56 mwaka 2005, lakini mwaka 2010 alichaguliwa na 26 tu. Kwa kipimo hiki, kupungua huko hakukutokana na kura zilizohamia upinzani peke yake. Kulitokana zaidi na kura ambazo hazikupigwa kabisa.

Hili ni muhimu kwa maeneo ambayo chama kimoja hushinda siku zote. Mkulima wa mahindi aliyechoshwa na ahadi, ambaye haoni chama kingine kilichofika kijijini kwake na ofisi, bendera na wakala, hana njia kubwa ya kulalamika kwa kura. Anachoweza ni kwenda shambani siku hiyo. Fomu ya ukutani haioneshi hasira ya aina hiyo. Inaonesha ushindi wa kawaida wenye tarakimu ndogo zaidi.

Handeni bila mgombea

Mwaka 2015 ndio uliokuwa na ushindani mkali zaidi wa urais katika historia ya nchi. Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, aliihama CCM mwezi Julai na kusimama kwa tiketi ya Chadema akiungwa mkono na vyama vya Ukawa. Oktoba 25 Dk. John Magufuli alipata kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.5, dhidi ya 6,072,848 za Lowassa, sawa na asilimia 40. Tofauti ilikuwa kura milioni 2.8, na waliojitokeza walikuwa asilimia 67.

Handeni iliingia katika uchaguzi huo ikiwa na msiba. Dk. Abdallah Kigoda, Waziri wa Viwanda na Biashara aliyekuwa mbunge wa Handeni kwa miaka mingi, alifariki dunia Oktoba 12 akiwa katika matibabu nchini India, siku 13 kabla ya uchaguzi. Alikuwa mgombea wa CCM katika jimbo jipya la Handeni Mjini. Lushoto nako, katika mkoa huohuo, mgombea ubunge wa Chadema, Mohamed Mtoi, alikuwa amefariki katika ajali ya gari mwezi Septemba.

Sheria inatofautisha misiba hii na ule wa mwaka 2005. Akifariki mgombea urais au mgombea mwenza, nchi nzima husubiri. Akifariki mgombea ubunge, kinachoahirishwa ni uchaguzi wa kiti hicho pekee. Hivyo wakazi wa Handeni Mjini na Lushoto walikwenda vituoni Oktoba 25 kumchagua rais na diwani, wakarudi tena baadaye mwaka huo kumchagua mbunge. Handeni Mjini walimchagua Omari Kigoda, mtoto wa marehemu.

Katika mkoa mzima wenye majimbo 12, upinzani ulipata moja: Tanga Mjini, ambako Mussa Mbarouk wa CUF alimshinda Omari Nundu wa CCM. Korogwe Mjini ilikwenda kwa Mary Chatanda, Korogwe Vijijini kwa Stephen Ngonyani, maarufu kama Profesa Maji Marefu, na Handeni Vijijini kwa Mboni Mhita. Wote ni wa CCM. Lowassa alitikisa nchi, lakini bara la Tanga halikutikisika.

Kwa nini mzizi ni mrefu

Wapo wanaodhani kwamba wilaya hizi huchagua CCM kwa mazoea tu. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mzizi wenyewe una historia, nayo haifanani kati ya Handeni na Korogwe.

Handeni ni nchi ya Wazigua, wakulima wa mahindi katika ardhi ambayo mvua zake hazitabiriki, na njaa imetajwa katika historia yake tangu enzi za ukoloni. Kati ya mwaka 1973 na 1976, Serikali ilipowahamishia wananchi katika vijiji vya ujamaa, shule, zahanati, ghala na tawi la chama vilifika pamoja. Kijiji chenyewe kilizaliwa kikiwa na chama ndani yake. Balozi wa nyumba kumi aliyesuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama. Baada ya mwaka 1992 Serikali na chama vilitenganishwa kwa sheria, lakini mlango wa balozi ulibaki palepale.

Korogwe ni hadithi ya reli na mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na kandokando yake yakaenea mashamba ya mkonge yaliyovuta vibarua kutoka Kigoma, Songea, Iringa na hata nje ya nchi. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takribani tani 230,000 za mkonge na kuongoza duniani. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 30,000, kwa sababu za nyuzi za plastiki, bei ya dunia na usimamizi mbovu.

Kuporomoka huko kungeweza kuzaa upinzani. Katika nchi nyingine, miji iliyopoteza viwanda na mashamba makubwa imekuwa uwanja wa vyama vipya. Korogwe haikuwa hivyo. Wafanyakazi wa mashamba walitawanyika, wengine wakawa wakulima wadogo juu ya ardhi isiyo na hati, na mtu anayelima ardhi ya namna hiyo huwa mwangalifu kugombana na mwenye mamlaka ya kumwondoa.

Upinzani nao una lawama zake. Nguvu zake Tanga zilikaa mjini, penye wasomaji wa magazeti, wafanyabiashara na vijana wa bandarini. Kuweka wakala katika kila kituo cha Handeni Vijijini kunahitaji fedha, usafiri na watu wanaofahamika vijijini. Chama kinachofika wiki tatu kabla ya uchaguzi kikiwa na kipaza sauti, kisha kikapotea kwa miaka mitano, hakiwezi kushindana na balozi anayeishi nyumba ya tatu.

Maji ya Korogwe, kiu ya Handeni

Kama liko jambo moja linalounganisha kampeni zote za Handeni, ni maji. Mradi mkuu wa maji wa wilaya, unaofahamika kwa kifupi HTM, ulijengwa miaka ya 1970. Huchota maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa bomba hadi Handeni. Kadiri mitambo ilivyochakaa na watu walivyoongezeka, bomba hilo lilitoa maji kidogo zaidi kila mwaka, na wakazi wakategemea malambo, visima vifupi na maji ya ndoo ya kununua.

Hakuna mgombea aliyepita Handeni bila kutaja maji. Mwaka 2022 Serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka India. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika orodha hiyo. Waziri wa Maji aliyeshika wizara tangu Desemba 2020, Jumaa Aweso, ni mbunge wa Pangani, mkoani Tanga.

Barabara za lami kutoka Korogwe hadi Handeni na kutoka Handeni hadi Mkata zilijengwa na zinatumika. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Chongoleani, lenye urefu wa kilometa 1,443, nalo linapita katika wilaya za mkoa huu. Kang'ata yenyewe imejulikana kwa dhahabu ya Magambazi, iliyowavuta wachimbaji wadogo na kampuni za utafiti kutoka nje.

Kwa hiyo si kweli kwamba wilaya hizi hazijapata kitu. Lakini inafaa kuangalia mpangilio wa vitu vilivyokuja. Bomba la mafuta linapita na dhahabu inatoka. Maji, ambayo ndiyo yaliyoombwa na wananchi tangu bomba la kwanza lilipoanza kuchakaa, ndiyo yaliyochelewa kuliko yote. Wilaya ambayo kura yake inajulikana kabla ya kampeni kuanza haina cha kuuza inapofika zamu ya kudai.

Wapigakura waliohamishwa

Handeni ina sifa nyingine isiyosemwa sana: ni wilaya inayopokea watu wanaohamishwa. Mwaka 2003 wakimbizi Wazigua kutoka Somalia, ambao mababu zao walipelekwa pwani ya Somalia katika karne ya 19, walihamishiwa katika makazi ya Chogo, na baadaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Walirudi katika nchi ambayo lugha yake hawakuwa wameisahau, wakawa wananchi, na kwa hiyo wapigakura.

Juni 2022 likafuata kundi jingine. Familia za wafugaji wa Kimasai kutoka Hifadhi ya Ngorongoro zilianza kuhamishiwa kijiji cha Msomera, zikipewa nyumba na mashamba. Serikali ilisema kuhama ni kwa hiari na kwamba lengo ni kuinusuru hifadhi. Wanaharakati na baadhi ya wakazi wa Ngorongoro walipinga, wakisema huduma za jamii zilipunguzwa ili kuwasukuma waondoke. Baadhi ya wenyeji wa Msomera nao walilalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia ilitwaliwa.

Mvutano huo uliligusa sanduku la kura moja kwa moja. Agosti 2024 maelfu ya wakazi wa Ngorongoro walikusanyika barabarani hifadhini, wakilalamika kwamba vijiji na kata zao zimefutwa katika tangazo la Serikali na kwamba vituo vyao vya kupigia kura vimehesabiwa kuwa viko Msomera, mamia ya kilometa kutoka wanakoishi. Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo mwezi huohuo.

Mfano huu unaonesha kwamba suala la nani anapiga kura wapi si la makarani peke yao. Daftari likihamishwa, mtu huhamishwa kisiasa hata kama mwili wake na mifugo yake bado viko palepale.

Kutoka ushindani hadi asilimia 97

Baada ya mwaka 2015 hali ya siasa ilibadilika haraka. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia mwaka 2016 hadi Januari 2023. Stephen Ngonyani alipofariki Julai 2018, uchaguzi mdogo wa Korogwe Vijijini haukufika kwenye sanduku: Timotheo Mnzava wa CCM alipita bila kupingwa. Wananchi wa jimbo zima walipata mbunge bila kuulizwa.

Oktoba 28, 2020 Magufuli alitangazwa mshindi kwa kura 12,516,252, asilimia 84.4, na Tundu Lissu wa Chadema akapata asilimia 13. Upinzani ulilalamika kwamba mawakala wake walizuiwa vituoni, madai ambayo Tume iliyakataa. Waliojitokeza walikuwa asilimia 50.7, takribani watu milioni 15.1. Tanga Mjini ilirudi CCM, na alama pekee ya upinzani katika majimbo ya mkoa ikafutika.

Rais Samia Suluhu Hassan aliyeapishwa Machi 2021 baada ya kifo cha Magufuli aligombea mwaka 2025 bila kukutana na vyama viwili vilivyotarajiwa kumpa ushindani. Chadema ilizuiwa kushiriki baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wake, Lissu, alikuwa rumande kwa mashtaka ya uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Tume ilimtangaza Rais Samia mshindi kwa kura zaidi ya milioni 31.9, sawa na asilimia 97.66, katika daftari la majina milioni 37.6.

Siku ya uchaguzi iliambatana na maandamano na mauaji katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa na amri ya kutotoka nje ikawekwa Dar es Salaam. Waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) walisema katika maeneo mengi wapigakura hawakuweza kueleza matakwa yao kidemokrasia, na wale wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi haukufikia viwango vya umoja huo. Serikali ilitetea uchaguzi huo, na Novemba 2025 Rais aliunda tume ya kuchunguza vurugu hizo chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Tarakimu zenyewe zinahitaji kutazamwa kwa kipimo kilekile cha daftari. Magufuli alichaguliwa na 38 kati ya kila 100 walioandikishwa mwaka 2015, na 42 mwaka 2020. Kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025, idadi hiyo imeruka hadi 85. Kura za mshindi peke yake ni zaidi ya mara mbili ya watu wote waliopiga kura miaka mitano kabla. Hakuna mruko wa namna hiyo katika chaguzi zote za vyama vingi zilizotangulia.

Mwaminifu anapokosa thamani

Kwa Handeni na Korogwe, matokeo hayo yana maana ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Mwaka 2015, tofauti ya wagombea ilipokuwa kura milioni 2.8, kila wilaya iliyoshikilia CCM ilikuwa na deni la kudai. Chama kiliihitaji Handeni ili kufidia kura zilizopotea Kilimanjaro na Arusha. Katika nchi ambayo mshindi anatangazwa kwa asilimia 97 kila mahali, mwaminifu wa tangu zamani hatofautiani na mwingine yeyote. Aliyesimama na chama kwa miaka 30 na ambaye hakukipigia kabisa wanaandikwa katika safu moja.

Wapo watakaosema kwamba maendeleo hayapaswi kugawanywa kwa kura, na wana haki. Maji ni haki ya mwananchi awe amechagua chama gani. Lakini viongozi wenyewe wamewahi kuwaambia wananchi majukwaani kwamba anayechagua upinzani asitegemee miradi. Kama kauli hiyo ilikuwa ya kweli, Handeni ilistahili kuwa na maji kabla ya wote. Kama haikuwa ya kweli, basi wananchi walitishwa bure.

Upo pia upande wa chama tawala. Kimya cha mwaka 2010 kilikuwa onyo lililosomeka katika takwimu, na CCM ililisoma: ilijivua gamba, kama ilivyosema yenyewe, na mwaka 2015 ikaja na mgombea mpya na lugha mpya. Chama kiliweza kujirekebisha kwa sababu sanduku lilimwambia ukweli. Sanduku linalosema ndiyo kwa asilimia 97 halimwambii kiongozi yeyote mahali ambapo bomba limepasuka.

Ndiyo maana fomu ile ya ukutani bado ina kazi. Mkazi wa Kang'ata anaposoma tarakimu zake na kuona zinalingana na watu aliowaona kwenye foleni, kura yake ina uzito hata kama mgombea wake ameshindwa. Asipoziona zikilingana, haina uzito hata kama mgombea wake ameshinda.

Uchaguzi ujao umepangwa mwaka 2030. Mabomba ya mradi wa miji 28 yatakuwa yamefika au hayajafika, na hilo kila mama mwenye ndoo ataweza kulihakiki bila tume. Waswahili husema ahadi ni deni. Handeni na Korogwe zimekuwa zikilipa upande wao tangu mwaka 1995, na bado zinasubiri stakabadhi.